Ringi

Kengele ya shule yetu ni ringi ya lori,
Fuso lililofia kona ya Kisongo miaka hiyo.
Inaning'inia kwenye mgrivea kwa mnyororo wa baiskeli,
na nondo ya kuigongea huegemezwa ofisini,
kando ya debe la chaki.

Bisimwa alikuja Julai, pamoja na baridi ya Meru,
sweta la mtumba wa Kilombero, mikono imevuka vidole.
Miaka kumi na minne, darasa la nne:
cheti hana, uhamisho hana,
huko alikotoka hakuna tena wa kugonga mhuri.
"Ilikuwa na bati nyekundu," alisema. Basi.
Nami kwenye fomu, penye Shule Aliyotoka,
nikaandika: bati nyekundu.

Saa nne kasorobo Loishiye akagonga mapumziko
na Bisimwa akawa chini ya dawati.
Hakuanguka. Hakupiga kelele.
Aliingia kama mtu aingiavyo kwake,
akamvuta na Nembris, jirani yake,
akamfunika kichwa kwa daftari la Hisabati.

Darasa likacheka.
Na mimi, sifichi, mdomo ulinitangulia.
Kisha nikakiona kile kiganja juu ya daftari,
kimetulia, kizoefu,
kama cha mama apimaye homa,
na kicheko kikanikwama
pale ukwamapo mwiba wa samaki.

"Kengele ni kengele," alisema Mwalimu Mkuu Nanyaro.
"Watoto mia tisa, ringi moja.
Tukimfuata kila mwenye hofu
nani atajua saa ya uji?"
Jibu sikuwa nalo.
Nilikuwa na azimio la kazi, na andalio la somo,
na mwongozo wenye kurasa mia na kumi;
hakuna hata moja iliyosema ufanyeje
mtoto anapomwokoa mwenzake
kutoka kwenye mapumziko.

Usiku ule, chumbani kwangu Unga Limited,
niliusikia mtaa kwa mara ya kwanza:
mchomeleaji wa mageti, bodaboda inayokohoa,
mapera yakidondokea bati la jirani,
mtu akibamiza mlango kwa sababu zake.
Nilihesabu mishindo kumi na mmoja
nikalala kabla ya wa kumi na mbili.
Yeye, nadhani, aliuhesabu wote.

Shangazi yake anauza vitenge, kibanda cha tatu toka choo cha soko.
Alikunja kitenge, akakikunjua, akakikunja.
"Usimuulize-ulize, Mwalimu.
Umupatie kazi."

Jumatatu nikampa nondo.
Loishiye alinuna mpaka Alhamisi; ile nondo ilikuwa cheo chake.
Lakini saa yake ya mkono alimvalisha mwenyewe,
akaitoboa mkanda tundu jipya kwa msumari.

Saa nne kasorobo ikafika. Ikapita.
Saa nne. Uji ukaota ngozi sufuriani.
Darasa la saba wakajaa madirishani.
Bisimwa yuko chini ya mgrivea, nondo mkononi,
anaitazama ringi kama mbwa asiyemjua.
Nanyaro akatoka ofisini, kinywa tayari kimefunguka,
akaona,
akarudi ndani. Mungu ambariki kwa mlango ule alioufunga polepole.

Ndipo kijana akavua sweta,
akaizungushia nondo, mara mbili, mara tatu,
akagonga.
Sauti ilitoka nene, fupi,
hodi ya mtu aliyefika penye mgonjwa.
Tuliisikia sote, hata la kwanza A kule bondeni.

Sweta sasa lina matundu; fundi amelitia viraka mara mbili
na hataki tena pesa yangu.
Siku za radi Bisimwa bado anashuka.
Nembris hushuka naye, na daftari, na kalamu ya risasi,
nami nimejifunza kusahihisha nikiwa nimepiga magoti.
Jana alipata saba kwa kumi.
Ya nane alikosa kwa sababu ya kawaida kabisa:
alisahau kuazima.