Jalada la Nyakasenyi

Niliagizwa nilifute vumbi tu.
Jalada lenyewe jembamba, limefungwa kamba ya katani,
mgongoni doa la chai, chai ya mtu
aliyestaafu kabla sijazaliwa.
Ndani yake kisiwa. Kizima, na miamba yake.

Wa kwanza kuandikwa ni Oltmann, sajini wa Kijerumani.
Alikitaka kwa ajili ya ng'ombe wagonjwa,
wakafie mbali na wazima.
Akaandika kwa wino mweusi: Hapana watu.
Na mstari wa chini yake, bila haya:
Nimenunua hapa kuku saba, na unga.

Kisha Velji Ramdas wa duka la chumvi.
Alikipokea kwa deni, kama upokeavyo saa mbovu,
wala hakukikanyaga:
mtu wa kutapika gatini
meli ikiwa bado imefungwa.

Kisha Kalogeras, Mgiriki, akapanda milimau.
Milimau ilishika. Yeye homa ilimshika.
Mjane wake akauza kwa barua, toka kwao,
akiomba atumiwe picha moja ya kaburi.
Picha haimo.

Hapana watu. Hapana watu.
Kila mauzo yanarudia,
kama mtoto akariri jedwali la saba.

Halafu, kati ya risiti ya kodi na ramani iliyotoboka,
karatasi ya daftari, mwaka hamsini na moja,
mwandiko wa kukodi, wa mwandika barua wa Nansio:

Mimi Nyabise binti Mafuru
sidai ardhi. Ardhi mmekwisha gawana.
Nadai jiwe langu la kusagia,
la mama yangu na la mama yake,
lilibaki chini ya mwamba mfano wa ng'ombe aliyelala.
Siku ya kuondolewa tulikatazwa mizigo mizito.
Nitalifuata mwenyewe. Naomba kibali tu.

Pembeni, kalamu nyekundu: Imeonekana.
Ikaonekana. Ikafungwa kamba.

Mwaka jana akatokea mwekezaji, anataka vibanda vya wageni,
nasi tukatumwa kupima, mimi na Shigela,
tukatoka Kirumba kungali giza
kwa mtumbwi wa injini wa Manyonyi.
Ziwa limekula ufuko. Kilichobaki
tulikipima kwa saa moja na nusu, pamoja na kula mihogo.
Minandi imepaka miamba chokaa.
Mlimau mmoja, kibiongo, bado unazaa.

Na ng'ombe yupo. Kalala, maji ya shingo.
Na jiwe lipo, kamba kiunoni:
wavua dagaa wamelifanya nanga.
Niliwapa kamba mpya na elfu kumi.
Walicheka sana.
Katikati lina kibonde,
laini, kama shavu lililozoea mto upande mmoja.

Manyonyi akalinyanyua kidogo, akalirudisha.
"Hili," akasema, "linalipa nauli ya mtu."
Nikalipa. Tiketi sikupewa.

Sasa lipo kwangu Mabatini, nyuma ya mlango.
Nimeuliza Nansio, nimeuliza Kibara, nimeuliza Majita;
kina Mafuru wamejaa kama furu wa zamani,
Nyabise hakuna anayemjua.
Upepo wa ziwa ukivuma mke wangu hulisukuma kwa mguu
lizuie mlango usibamize.
Binti yangu husagia humo chaki,
ananiletea uji mweupe usionyweka,
nami nakunywa, nafuta mdomo.

Lakini kuna jambo sijamwambia mtu.
Pale kisiwani, kabla hatujaondoka,
Shigela alijaza fomu juu ya goti.
Alipofika penye wakazi alisimama, kalamu hewani,
akanitazama.
Nilikuwa nimelikumbatia jiwe, mikono yote miwili.
Mdomo ulikuwa mtupu, ungeweza kusema.
Akaandika neno lilelile la Oltmann,
akapuliza wino,
tukapanda.