Nyumba ya Arobaini na Nane

Tulikuwa watano, na ufunguo mmoja.
Vyumba viwili vya mabati, Nyalenda, nyuma ya kinu cha unga,
choo kimoja na majirani wa milango sita,
na ukutani, kwa mwandiko wa Chelagat,
ratiba ya zamu: nani afagie, nani ateke maji,
nani aamke gizani awashe jiko.
Wiki ya kwanza tuliifuata kama sala.
Wiki ya pili Mideva aliandika jina lake
juu ya mayai, silabi moja kila yai:
Mi. De. Va.
Mwandawiro akakaanga De.

Mchana tulivaa fulana za chuo
tukapita mlango hadi mlango na dodoso mkononi.
Swali la kumi na tatu: Je, mnatibu maji ya kunywa?
Tulilisoma kwa sauti ya watu waliolala vizuri.
Tuliwafunza akina mama kunawa mikono,
hatua zote, hewani, bila tone,
na wao, waliotoka kununua mtungi kwa shilingi ishirini,
wakaitazama mikono yetu ikioga upepo.

Min Achola, mhudumu wa afya wa mtaa, alitutangulia.
Hakuwa na fulana. Alikuwa na daftari
lililofungwa kwa mpira wa nywele,
na humo, au kichwani, alijua
nani kajifungua, nani kaacha dawa,
choo kipi kimejaa tangu mto Auji ufurike.
Hodi yake ilikuwa jina la mtoto wa mwisho wa kila nyumba.

Siku moja, jua la utosi, aliketi kizingitini petu.
Nipeni hiyo karatasi.
Akatuuliza la kumi na tatu,
kwa Kiswahili chetu cha chuoni, pua juu.
Tukacheka. Odero akajibu ndiyo, bila shaka.
Hakuandika kitu.
Aliuangalia tu mtungi wetu wa manjano,
utelezi wa kijani shingoni mwake.
Vidonge vya klorini tulikuwa navyo, katoni mbili,
chini ya kitanda.
Vya kugawa.

Usiku wa Alhamisi Mideva alitoka mara tisa.
Tulizihesabu kwa mlio wa komeo.
Ya kumi, komeo halikulia.
Sisi tuliopasi mtihani wa magonjwa ya kuhara
tulisimama na tochi za simu
tukiulizana gramu ngapi, mililita ngapi.
Min Achola akaja, leso kiunoni,
na maji aliyoyachemsha kwake.
Lita moja. Sukari, vijiko sita. Chumvi, nusu.
Akapima kwa kijiko chetu cha chai
bila kuinamia mwanga wetu.
Hakusema kwamba mganga hajigangi.
Methali hiyo niliijua tangu darasa la nne;
usiku ule nikajua kuwa ina harufu.

Chelagat alifua shuka alfajiri. Haikuwa zamu yake.
Mwandawiro alikipakata kichwa cha Mideva
akimnywesha kijiko kwa kijiko, akinong'ona
kitu fulani kuhusu yai.
Kulipokucha pikipiki ikampeleka zahanati,
Odero nyuma yake, akimzuia kwa mabega.

Jumamosi alirudi, shingo imekonda,
akauliza: Mi na Va wako wapi?

Dodoso letu lilikuwa limefunga nyumba arobaini na saba.
Nilichukua karatasi mpya.
Wakaazi: watano.
Choo: cha kushirikiana.
La kumi na tatu. Kalamu ilisita,
kisha ikatia alama penye Hapana.

Msimamizi alipiga simu kutoka chuoni:
hii ya arobaini na nane ni ya nani,
mbona haimo katika sampuli?
Nikamwelekeza. Nyuma ya kinu, mlango wa buluu.
Wanaoishi humo ni wageni, nikasema.
Bado wanafundishwa.