Maeneo Machache

Saa tatu asubuhi niliandika:
mvua za ngurumo, maeneo machache, alasiri.
Shangazi Aikaruwa akapiga simu kutoka Kibosho,
kahawa yake iko juani, juu ya waya:
"Machache ndiyo yapi? Kwangu, au kwa Ndetaramo?"

Nikamweleza joto, unyevu, upepo wa kusini
unaopanda mlima ukirundika mawingu kama pumba mashineni.
"Sikukuuliza habari za mlima. Nimeuliza uani kwangu."

Saa nane wingu lilisimama juu ya Kibosho,
jeusi chini, kichwa kimetanuka kama fuawe.
Nililiona kupitia dirisha la kituo.
Nikapiga. Haikupokelewa.
Radi moja. Ya pili.

Saa tisa nikaenda kwenye kipimamvua:
vumbi, na kumbikumbi mmoja aliyekosea siku.
Nikaandika kitabuni, kwa mwandiko safi, sifuri.

Jioni, simu yake:
"Kwa Ndetaramo, hata tone.
Ni barabara tu, baba, imetutenganisha.
Nimewahi kufunika nusu. Nusu imeoga.
Na kesho?"

Nikazitazama namba zangu zote.
Anika, nikamwambia,
lakini usikae mbali na turubai.