Ngome Isiyopigana

Tangu Perth hatujasemezana.
Mbwana na usukani wake, mimi na ramani yangu,
nyuma watoto wanagombea pakiti ya krispi.

Fort George. Kuta nene kama kiburi,
mizinga imeikodolea bahari macho
miaka mia mbili na ushei,
adui hakutokea.
"Sasa waliijengea nini?" Hemedi anauliza.
Babake anafungua kinywa, anakifunga.

Handakini kuna makaburi ya mbwa,
mbwa wa jeshi, wana majina kwenye mawe.
Tatu anayasoma kwa sauti, moja moja,
anawaombea dua wote,
hata yule ambaye jina lake mvua imelila.

Upepo unanivua ushungi.
Mkono unaurudisha begani:
si wangu.

"Nilikosea njia," anasema Mbwana,
akiyaambia maji.
"Pale Aviemore. Ulisema kushoto."

Nilisema kulia.
Nanyamaza.
Namimina chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa,
tunapokezana,
na kule chini pomboo anaibuka.
"Huyo! Huyo!"
Mzinga ulio karibu nasi
Hemedi ameshaulisha ganda la ndizi.