Mwenyeji Apoe

Kikombe kilivunjikia Oysterbay, kwenye sinki,
mwaka ule mabibi wa kizungu walipofunga masanduku.
Kisahani kikabaki mjane.
Akapewa bibi yangu Mwanahawa, yaya,
kufidia mshahara wa nusu mwezi.

Buluu yake imevuja
kama wino wa barua iliyonyeshewa.
Nyumba yenye paa lililobinua ncha,
ndege mkubwa kuliko nyumba,
mtu na mwavuli darajani,
na kisiwa kisichogusa maji.
Bibi alikuwa na hakika: huyo anangoja pantoni,
ng'ambo ile ni Kigamboni,
na mti ule ni mnazi
ila aliyeuchora hajapata kuukwea.

Kweli hakuukwea.
Mtu wa makumbusho alikigonga kwa ukucha, akasikiliza:
"Kaure ya Uingereza hii, ya zamani sana. China haikujui."
Basi namwona mchoraji, miaka kumi na minne,
vidole vimekufa ganzi, dirisha limeganda,
hajaona bahari, sembuse China,
ananakili nakala ya nakala
na kulipwa kwa dazeni.
Daraja akalipata. Ndege akamzidishia mkono.
Pembeni akapanga herufi tatu, kwa adabu,
kama mtu anayeitikia salamu asiyoielewa.

Herufi hizo nikazipeleka Kariakoo,
kwa Yulan, auzaye khanga kwa korja.
Akakigeuza kisahani. Akakipindua.
Akacheka hata akashika meza.
"Si herufi. Huyu aliziona kwa mbali, akazipenda."

Juu ya kichwa chake zilining'inia khanga mpya,
bado zanuka kiwanda cha mjini kwao,
pindo zuri, mji mwekundu wa korosho,
na jina lake:
MGENI NJOO MWENYEJI APOE.

Nikamsomea polepole.
Nikamwambia kupona ni kwa mgonjwa.
Kupoa, nikasema, ni kwa uji.
Akahesabu majora kwa macho: mia nne.
"Wamenunua," akasema. "Hakuna aliyerudisha."
"Nami ningenunua," nikasema, na sikuwa namtania.

Akaleta birika. Vikombe havikutosha,
akanimiminia chai kwenye kisahani cha bibi,
ya moto, ya tangawizi, hadi ukingoni.
Kisiwa kikazama, na daraja, na zile herufi tatu;
mwenye mwavuli akabaki kichwa tu.

Tukakaa, mimi na yeye, chini ya khanga,
tukingoja ipoe.