Buibui wa Daraja la Karnali

Tulipokuja kukuachisha kazi, Phulpati,
hatukulitaja jina hilo. Tulisema: kuboresha.
Tukapanda darajani na mikanda viunoni,
tukafunga rada chini ya chuma,
jicho moja jeupe, lisilopepesa,
lipime mto kila robo saa
na kupeleka hesabu Kathmandu kwa njia ya mbinguni.

Wewe ulikuwa chini, kwenye ngazi za saruji,
sari umeikunja hadi magotini,
unasoma ubao wa sentimita
kama ulivyousoma miaka kumi na tisa.
Mwezi wa Asar ulisoma kila saa,
tochi mdomoni, maana mkono mmoja u kwenye kamba
na wa pili una kalamu.

Nikakuomba madaftari, niyaingize kwenye kompyuta.
Kurasa zilinuka moshi na mafuta ya haradali.
Pembeni mwa tarakimu uliandika mambo
ambayo jedwali langu halikuwa na safu yake:
*Rangi ya chai. Mchwa wamehama.
Mbwa wa Lautan amekataa kuvuka.*
Nikayaruka.

Usiku ule, mstari kwenye skrini ulilala
kama mgonjwa aliyepata nafuu.
Mita nne. Mita nne. Mita nne.
Saa nane simu ikalia.

"Mhandisi, jicho lenu limefumbwa.
Buibui amelitandia pazia.
Nimesimama ngazi ya saba,
na ngazi ya saba siioni."

Nilibonyeza. King'ora kikalia,
simu elfu arobaini zikatetemeka chini ya mito:
*Kina cha maji kinakaribia kiwango cha hatari.*
Ni sentensi yangu hiyo. Niliisahihisha mara tatu.
Watu waliisoma, wakageukia ubavu wa pili.
Nani amewahi kulala na kiwango?
Nani mlango wake unaitwa mita kumi?

Wewe ukapita vichochoroni ukigonga sufuria:
"Yanafika dirisha la shule!
Yanafika pembe za fahali wa Sukhani!
Beba mtoto, acha baiskeli!"
Hapo ndipo utabiri ulipovaa viatu.

Alfajiri maji yalikuwa yamezidi unga,
wala sisemi kwa methali:
maghala ya udongo yalirudi kuwa udongo,
mpunga ukaelea hadi India bila pasi.
Watu walikuwa juu ya paa la shule, wakihesabiana.
Wakahesabiana tena.
Fahali hakuonekana.

Kwenye bajeti mpya nimeomba setelaiti, betri, rada ya pili,
na ufagio wenye mpini mrefu.
Mkurugenzi akacheka. Sikucheka.
Chini ya ufagio niliandika mshahara wako.

Nimeongeza pia safu moja kwenye jedwali,
haina kipimo, mashine haijui iifanyie nini.
Leo asubuhi, saa mbili na dakika tatu,
imeingia habari ya kwanza:
*Chai ya maziwa. Buibui amerudi. Nimemwondoa.*