Jembe la Siku ya Kwanza

Tulilelewa hivi: mgeni siku mbili,
ya tatu mpe jembe.
Huyu wa leo hajanywa hata maji,
ameshuka kwenye tuktuk ya Jefwa, viatu vyeupe,
anauliza, "Jembe liko wapi?"
Na amelipa.

Mavyaa alifunga leso upya kiunoni,
akacheka hadi akaketi juu ya kinu.
"Umazi, siku hizi anayelima ndiye anayelipa?
Basi mimi nawadai watu miaka sitini."

Mwakirunge hii, mjini waliijua kwa malori ya taka.
Ukitaja kwenu, mtu anashika pua.
Hakuna aliyeuliza nyuma ya jaa kuna nini,
ukishuka korongo, ukipanda tena:
mikorosho, muhogo wa kibandameno unaoliwa mbichi,
nazi zinazoanguka usiku bila kubisha hodi.

Mwaka jana dalali alikuja na utepe wa kupimia.
Shamba la mababu akaliita ploti nane.
Changawa wangu alikuwa mlinzi wa geti Nyali,
akiwafungulia watu wasiojua jina lake.
Sitaficha: kalamu tulikwisha kuishika.
Kilichotuchelewesha ni mvua tu,
dalali aliogopa matope.
Jumamosi ile ile akaja mwalimu kutoka Tudor
na watoto arobaini na wawili
waliodhani muhogo huota ndani ya karai,
tayari na pilipili na ndimu.

Mmoja aling'oa shina,
mizizi ikatoka na udongo wake,
akanigeukia: "Nani aliuficha huku?"
Nilikosa jibu.
Bado nalitafuta.

Shilingi ya mgeni hailali kwangu.
Nimeifuata kwa macho.
Kuna noti ya mia mbili, imechanika pembeni,
imebandikwa seloteipu.
Nilimpa Nyanje kwa makuti ya choo kipya,
Nyanje akampa Jefwa, nauli ya mtoto zahanati,
Jefwa akanunua kuku kwa Mbodze,
na Alhamisi Mbodze akaniletea mimi, ile ile,
anataka mbegu za mchicha.
Nilicheka peke yangu kama mwehu.
Noti imetembea kijiji kizima
na haijavuka daraja la Nyali.

Si asali yote.
Yupo aliyekanyaga tuta zima akitafuta picha nzuri.
Yupo aliyebishana bei ya dafu
kwa ukali kuliko yule dalali.
Na yupo aliyetoa elfu tano apigwe picha
ameegemea koma za wazee wetu.
Mavyaa akasimama katikati, mkongojo mkononi:
"Mpeleke kwenye mbuzi. Hawa hawapokei wageni."
Elfu tano ilirudi mfukoni mwake,
na usiku ule tulilala na ada ya shule haijatimia.
Nilikasirika, nasema kweli.
Asubuhi nikafagia pale, polepole.

Mei ikija, njia inakuwa uji.
Tuktuk haifiki, daftari linalala.
Muhogo hatumwonyeshi mtu,
tunaula.

Changawa amerudi. Siku za wageni hukwea mnazi,
na watu wakiwa chini, shingo zimekunjwa,
humwita: "Changawa! Changawa, pole pole!"
Nikisikia jina lile likipanda
najifanya kuna moshi machoni.

Jioni, wa viatu vyeupe,
ambavyo sasa vina rangi ya kwetu,
alimwonyesha mavyaa viganja,
malengelenge manne, kama mtoto aliyeumia shuleni.
Mavyaa akavipaka mafuta ya nazi, kimya,
kidole kimoja baada ya kingine.
"Kesho rudi," akamwambia. "Siku ya pili."
"Na ya tatu?"
"Ya tatu keti, ule.
Hilo jembe tuachie wenyewe."